Mlango Aliotokea Mama

Mtaa wa Alma, Nambari 14,
Colne, Lancashire.
Jumapili, 9 Machi 2014

Mpendwa Mama Mdogo Mavis,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka nyumba ulimozaliwa. Hujambo? Nyonga inaendeleaje? Binti yako Denise aliniambia kwamba daktari amekuruhusu kutembea mpaka jikoni na kurudi, na kwamba wewe umeshajiruhusu mwenyewe mpaka kwenye sanduku la barua. Tafadhali, theluji ya huko Thunder Bay si kama hii yetu ya kupita njia. Tumezika mmoja mwaka huu, inatosha.

Sisi huku hatujambo kwa kusema tu. Ninakula nikikumbushwa, ninalala kidogo. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha kabatini. Gordon anakuja kila Jumatano na samaki na chipsi, jambo ambalo kaka yangu huyo hakulifanya hata mara moja Mama alipokuwa hai, lakini simwambii hivyo. Kila mtu ana njia yake ya kulia.

Mama Mdogo, kuna swali uliniuliza nilipokupigia simu jioni ya mazishi. Hukuuliza maua, hukuuliza kanisa lilijaa kiasi gani, wala kama nyama ilitosha. Uliuliza, "Lorraine, dada yangu ametokea mlango gani?" Nililia mpaka Gordon akaninyang'anya simu, naye akakuambia mambo yote yamekwenda salama. Najua hilo halikuwa jibu. Leo ni Jumapili, watoto wa watu hawapo, nyumba imenyamaza, kwa hiyo nimekaa mezani nikujibu vizuri.

Jibu ni kwamba Mama alitoka mara mbili. Usishtuke, nitakueleza.

Mlango wetu wa mbele unaujua kuliko mimi. Wewe ulitokea hapo na gauni lako jeupe, ukamfuata marehemu Baba Mdogo Stan mpaka Kanada. Mama alitokea hapo bibi harusi. Babu na Bibi walitokea hapo wamebebwa. Siku nyingine zote tulipita nyuma, uani, kama mtaa mzima, na aliyebisha hodi mbele tulijua ni polisi au muuza mazulia. Mama alikuwa na msemo wake: mbele ni kwa harusi na jeneza, nyuma ni kwa makaa na takataka. Tangu nikiwa mdogo alinionya, "Mimi mnitoe mbele, tena miguu itangulie, kama watu. Mkinipitisha uchochoroni penye mapipa, nitarudi niwasumbue."

Na mlango huo, Mama Mdogo, tuliuziba. Sikuwahi kukueleza vizuri kwa nini, na yeye alinikataza nisikuandikie. Alisema utalia bure.

Unajua kazi yangu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nalea wa wenzangu, hapa hapa nyumbani, kwa usajili, na cheti kimetundikwa ukutani. Mlezi aliyesajiliwa nyumba yake si yake peke yake. Ukiweka kigeti cha ngazi, ofisi ya ukaguzi ijue. Ukivunja ukuta, ukiziba, ukiongeza chumba, ijue. Hata mtu akihamia kwako au akihama, lazima useme. Chumba cha mbele, kile ambacho Bibi alikifunga mwaka mzima mpaka Krismasi, mimi nilikigeuza kuwa chumba cha watoto. Nikatia zulia la kufulika, viti vidogo, rafu za vitabu, picha za wanyama. Kabati la sabuni likatiwa komeo la kuzuia watoto, na Mama akashindwa kulifungua. "Haya," alisema, "sasa katika nyumba hii mtoto mkubwa ni mimi." Lakini aliwapenda. Walimwita Bibi Elsie, na aliwafundisha kukunja leso na kudanganya kwenye karata.

Kitu kimoja hakukubali kukiacha, nacho ni kizingiti. Kila Ijumaa asubuhi alifungua mlango wa mbele, akapiga magoti, akasugua jiwe la kizingiti kwa maji, kisha akalipaka ukingo kwa lile jiwe laini la manjano la kurembea vizingiti, kama Bibi alivyowafundisha nyote wawili. Mtaa mzima uliacha zamani. Wasichana wa siku hizi hata hawajui jiwe hilo linauzwa wapi. Mama alikuwa na akiba ya mawe hayo ndani ya soksi, chini ya kitanda, kama mtu anayeficha dhahabu.

Ijumaa moja, miaka mitatu iliyopita, alikuwa amepiga magoti hapo na mimi nilikuwa jikoni nikimbadilisha mtoto nepi. Alfie, mtoto wa Julie wa duka la mikate, alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu. Akamruka Mama mgongoni kama mtu anayeruka ua, akaingia barabarani. Nilisikia breki za gari kabla sijamsikia Mama. Nilipofika nje, lori la maziwa limesimama limekaa upande, dereva kashika kichwa, na Alfie amesimama mbele ya taa anacheka. Hakuguswa. Mama alikuwa bado amepiga magoti, brashi mkononi, mdomo wazi.

Nilitoa taarifa siku hiyo hiyo, kwa Julie na kwa ofisi. Julie alilia, akanikumbatia, akamrudisha mtoto Jumatatu. Ofisi walimleta mwanamke mmoja, akautazama mlango, akasema tukiweka komeo juu kabisa litatosha. Mimi niliridhika. Nilishanunua komeo.

Mama akasema hapana.

"Ziba," alisema.

"Mama, wamesema komeo linatosha."

"Komeo hufunguliwa na mimi, na mimi ni mzee. Ijumaa nitasahau tena. Ziba, weka dirisha, watoto wapate mwanga."

"Na wewe utatokea wapi?" Nilimuuliza kwa utani, Mama Mdogo. Mdomo wangu unaujua.

Akanitazama. "Mtoto ni mtoto, mlango ni mbao," akasema, akaenda kuweka birika.

Basi akaja Clifford Pickup, mwashi wa nambari 22, yule ambaye Mama alisema angeolewa naye kama asingekuwa na masikio yale. Aling'oa mlango, akajenga ukuta chini, akatia dirisha juu. Ilimchukua wiki kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya chai. Alipotaka kuling'oa jiwe la kizingiti, Mama alitoka nje kwa viatu vya ndani. "Hilo liache." Clifford akaliacha. Kwa hiyo tukawa na nyumba yenye kizingiti kisicho na mlango, kimekaa chini ya dirisha kama kiti cha kusubiria basi.

Na Ijumaa iliyofuata, je? Mama alitoka nyuma na ndoo yake, akapita uani, akazunguka uchochoro wote kwa fimbo, akaja mbele, akapiga magoti, akasugua. Kila Ijumaa, jua au mvua. Watu walimtania. Mary wa ng'ambo ya barabara alimpigia kelele, "Elsie! Unamsugulia nani na mlango hakuna?" Naye akajibu bila kugeuka, "Namsugulia atakayekuja kunichukua. Wewe wako ulivyo mchafu, atapita moja kwa moja." Mtaa mzima ulicheka, nami nilicheka. Watoto walisimama ndani dirishani, wakabandika pua kwenye kioo, wakamwangalia. Alikuwa akiwapungia brashi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka Krismasi hii. Kikohozi kilianza kabla ya mwaka mpya, kikashuka kifuani, na mengine Denise alikusimulia. Alikataa hospitali. Alikaa chumbani kwake juu, na watoto walipanda mmoja mmoja kumwonyesha michoro. Zaynab, binti wa daktari wa meno, alimchorea mlango mwekundu. Sijui nani alimwambia habari ya mlango. Mama aliuegemeza kwenye glasi ya maji. Alikufa asubuhi, mimi nikiwa nimeshika mkono wake, wala hakuhangaika. Mshukuru Mungu kwa hilo, nami najaribu.

Sasa nifike kwenye mara ya kwanza.

Watu wa mazishi walikuja kumchukua kumpeleka kwao, vijana wawili wenye heshima, suti zimepigwa pasi. Walimfunga kwenye machela, wakamfunika vizuri. Mlango wa mbele hamna. Wakampitisha jikoni, karibu na jiko lenye kizuizi cha watoto, wakatoka uani, wakaingia uchochoroni. Unaikumbuka ile kona yenye mapipa, ambapo Babu alikwama na baiskeli? Machela haikupinda. Walijaribu hivi, wakajaribu vile. Mwisho mmoja akasema, "Samahani sana, mama," wakamsimamisha. Wima, Mama Mdogo. Walimsimamisha wima kama kabati linalohamishwa, kati ya pipa la chupa na pipa la karatasi, na mikanda ikamshika asianguke. Niliona kichwa chake kinainama ndani ya kile kitambaa. Nilikuwa nimevaa aproni, nina kijiko mkononi, sijui nilikichukua wapi.

Nilipiga kelele. Mary alitoka akanishika. Vijana wale hawakukosea, walifanya kwa upole kadiri ya nafasi, lakini hapo hapo niliapa: huko nyuma hatapita tena. Siku ya mazishi atarudi nyumbani, atalala chumba cha mbele kama Bibi alivyolala, kisha atatokea mbele.

Gordon aliona nimerukwa na akili. Tulikaa chumba cha watoto, maana ndicho chenye nafasi, yeye na lile liwiliwili lake amekaa kwenye zulia.

"Lorraine, Mama amekufa. Hajui tena ametokea wapi."

"Mimi najua."

"Basi aende kanisani moja kwa moja kutoka kwa watu wa mazishi. Siku hizi wote wanafanya hivyo."

"Mama si wote."

"Na atapita wapi, ukutani? Au tumpitishe dirishani kama mwizi?"

Na kweli mwenye kampuni ya mazishi alikuwa ameshapendekeza dirisha, eti vioo vikitolewa jeneza litapita kwa kuinuliwa begani. Nilimwona Mama kichwani mwangu akipitishwa dirishani huku Mary anaangalia. Angefufuka kwa hasira.

"Nitabomoa," nikasema.

"Utabomoa saruji na tofali kwa ajili ya nusu dakika? Na hawa watoto unaowalea? Na ofisi yako? Wakikunyang'anya cheti utakula nini? Mama mwenyewe ndiye aliyesema ziba!"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alisema ziba. Nilibaki nimekaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kifuani, nalia kama mmoja wa watoto wangu saa ya kuachwa. Nilijiuliza kama nampigania Mama au nabishana naye.

Asubuhi yake Clifford alikuja kutoa pole. Amezeeka sana, mkono wa kushoto unatetemeka, ila masikio ni yale yale. Alisimama nje mbele ya dirisha, kofia mkononi, akatusikiliza mimi na Gordon tukiendelea kubishana pale pale kando ya barabara, maana tulishaacha kuona aibu. Gordon alikuwa anaeleza habari ya mashine za kukatia ukuta, na vumbi, na kelele.

Clifford aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyumba yake, akakwaruza kati ya matofali mawili chini ya dirisha. Ukadondoka unga mweupe juu ya kizingiti. Akakwaruza tena, ukadondoka mwingine, mwingi, kama unga wa keki.

"Chokaa," akasema.

"Chokaa gani?" nikauliza.

"Sikutia saruji hata kijiko. Mama yako alinifuata uani na kikombe cha chai, siku ile ya kwanza. Akaniambia, 'Clifford, watoto wasipite, lakini mimi usinifungie kabisa.' Nikamwambia, Elsie, saruji ni bishi, ukitaka kuitoa inakufa na tofali lake. Chokaa inashika, lakini ukiiomba inaachia. Akasema, 'Basi tia chokaa, na Lorraine usimwambie, atakosa usingizi.'"

Alinijua, yule mwanamke! Maana unajua neno langu la kwanza lilikuwa nini? Si asante. "Clifford Pickup! Miaka mitatu watoto wa watu wanaegemea ukuta huu!"

"Na mtaa mzima unaegemea nini?" akanijibu. "Tangu babu za babu zetu nyumba hizi zimesimama kwa chokaa. Zaynab na Alfie hawawezi kuuangusha. Hata Gordon hawezi, na Gordon ni Gordon."

Gordon akacheka, kisha cheko likageuka, akaenda kusimama upande mwingine wa barabara akiwa ametupa mgongo.

Nilipiga simu ofisini, kwa sababu kanuni ni kanuni na sikutaka jina langu lichafuke wiki ya msiba. Alipokea kijana mwenye sauti nzuri.

"Unataka kuripoti mabadiliko ya nyumba. Mabadiliko gani?"

"Tunafungua mlango uliozibwa, halafu tunauziba tena."

"Sababu ya mabadiliko?"

"Mama anatoka."

"Mama yako anayeishi hapo? Anahama?"

Nilishindwa kupata neno lingine. "Ndiyo," nikasema. "Anahama."

"Anahamia wapi, kwa kumbukumbu zetu?"

Nadhani alinisikia nikipumua. Akasema polepole, "Nisamehe, dada. Pole sana. Watoto wasiwepo mpaka ukuta uwe umerudi, ndilo tu. Mengine nitaandika mimi."

Wazazi wote waliwachukua watoto wao wiki nzima bila kunung'unika. Mama yake Zaynab alileta sufuria ya wali na kuku, akasema nisirudishe sufuria mpaka nitakapojisikia.

Clifford alibomoa kwa patasi na nyundo ndogo ya mbao, taratibu, kwa mkono wake mzima, na Gordon akipokea tofali. Hakuna lililovunjika. Waliyapanga ukutani ndani, safi, moja juu ya moja. Kufikia mchana pale palikuwa na mlango tena, uwazi tu bila mbao, na upepo wa Februari unaingia mpaka jikoni. Sikuwa nimeiona barabara kutoka chumba kile kwa miaka mitatu. Nilisimama hapo nimejifunga shali, nikamkumbuka kila aliyepita.

Mama aliletwa alasiri. Aliingia mbele. Nilitaka kuondoa viti vidogo na picha za wanyama, lakini Gordon akasema niviache, Mama angeuliza vimeenda wapi. Tukamweka katikati, mapazia yamefungwa, turubai la Clifford limetundikwa mlangoni. Mtaa wote uliingia kumuaga, na kwa kuwa viti vya wakubwa havikutosha, waliketi kwenye viti vya watoto. Mwenyekiti wa kanisa, Mary, Julie, wote magoti kidevuni, wanakunywa chai kwa adabu. Gordon alikaa kwenye kiti chekundu karibu na kichwa chake. Hapo ndipo alipomlilia, kwa sauti, mkono juu ya mbao. Sikumgusa. Nilimwacha alie.

Asubuhi ya mazishi niliinua soksi ile chini ya kitanda chake. Kulikuwa na jiwe moja la manjano limebaki, limelika mpaka limekuwa kama kipande cha sabuni. Nilipiga magoti nje na ndoo, nikasugua. Sijawahi kusugua kizingiti kile maishani, Mama Mdogo, Mama hakuniruhusu, alisema nina haraka. Maji yalikuwa baridi vidole vikafa. Nilipaka ukingo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulipinda. Mary alinitazama kutoka kwake. Hakunitania. Aliingia ndani, akatoka na ndoo yake, akapiga magoti mbele ya mlango wake, akaanza na yeye.

Na sasa swali lako. Dada yako alitokea mlango wa mbele. Miguu ilitangulia. Walimbeba sita, Gordon mbele kulia, na mapazia yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa kama zamani, watu wamesimama nje. Walipofika kwenye uwazi, wabebaji walisita kidogo kupima nafasi, na nikamsikia Gordon anasema, si kwa kuwaambia wenzake, "Angalia kizingiti, Mama." Ndivyo Mama alivyomwambia kila mtu aliyepita hapo, nakumbuka. Nadhani alikuambia na wewe siku ya gauni. Hakuna aliyekikanyaga. Walikivuka wote, naye juu yao, akatoka.

Kanisa lilijaa. Tuliimba vibaya, maana aliyekuwa akituongoza sauti ni yeye. Baadaye kulikuwa na paja la nguruwe la kuchemsha, haradali, na keki ya matunda, kwa hiyo hakuna atakayesema Elsie Hargreaves hakuzikwa ipasavyo. Maua yako yalikuwa juu ya jeneza peke yake. Yetu tuliyaweka pembeni.

Siku iliyofuata Clifford alirudi na karai lake na koleo. Watoto walikuwa wanarudi Jumatatu, na uwazi lazima uzibwe. Kuna saa nilitaka kumwambia aache, tutafute mbao, turudishe mlango na kitasa na kila kitu. Halafu nikamkumbuka Alfie mbele ya zile taa. Mtoto ni mtoto, mlango ni mbao. Ukuta ukarudi, dirisha likarudi. Zaynab alipofika aliweka pua yake kwenye kioo kile kile, akauliza Bibi Elsie amekwenda wapi na ndoo. Nikamwambia amekwenda mbali. Akauliza alipitia wapi. Nikamwonyesha. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema, "Hapana mlango hapo." Nikamwambia ulikuwepo kidogo.

Ijumaa mbili hizi nimezunguka uchochoroni na ndoo. Bado ukingo wangu unapinda. Kama huko Kanada kuna duka lolote linalouza jiwe la manjano, niletee mwenyewe nyonga ikipona. Usilitume kwa posta, njoo nalo.

Nisalimie Denise na mumewe, wavulana wake wote wawili, na yule jirani yako mwenye mbwa anayekusafishia theluji. Gordon anakusalimu na anaomba radhi kwa lile jibu lake la simu. Mary anakusalimu, na Clifford anauliza kama bado unacheka kwa pua. Mungu akupe siku nyingi, akuimarishe mfupa huo, na siku atakapokuita akute njia yako iko wazi na imesuguliwa.

Lo, karibu nisahau kukuambia. Clifford alipokuwa anachanganya karai lake siku ile, aliinua uso akanitazama. Nami nikamtazama yeye, na lile jiwe, na barabara. Nikamwambia, "Tia chokaa."

Wako akupendaye, niliyebaki kwenye nyumba yenu,

Lorraine